Tatizo ni nyumba, si onyo

Makala iliyotoka hivi karibuni inadai kuwa tahadhari za baridi nchini Uingereza zinawadekeza watu wazima: vaa koti, acha kulalamika.

Hoja hiyo inamtazama mtu asiye mlengwa. Tahadhari za afya zinazotolewa England kati ya Novemba 1 na Machi 31 huzilenga kwanza hospitali na watunza wazee, ili wajiandae. Baridi hupandisha shinikizo la damu na kuifanya damu igande upesi. Mshtuko wa moyo, kiharusi na nimonia hufuata, pengine siku kadhaa baadaye. Maradhi haya huwakuta wengi ndani ya nyumba zao, ambako koti la mtaani halitoshi.

Nakubali jambo moja: onyo lisilo na msaada ni kelele. Shirika la Afya Duniani linashauri joto la ndani lisipungue nyuzi 18. Lakini mwaka 2024 serikali iliwaondolea mamilioni ya wastaafu ruzuku ya kupasha nyumba joto, kisha 2025 ikawarudishia wengi wao. Hapo ndipo ukali wa mwandishi ungefaa. Anayekerwa na tahadhari na adai nyumba zisizopitisha baridi, kisha amjulie hali jirani yake mzee.