Jibu la herufi nne lilivyomaliza migomba Gesima

Hebu soma swali hili: "Migomba yangu inanyauka, majani yanageuka manjano. Nifanye nini?" Sasa soma jibu: "Kata."

Ungekuwa msimamizi wa kundi hilo ungefanyaje? Ungelifuta kwa sababu lina herufi nne tu? Ungeliacha kwa sababu, kusema kweli, si uongo?

Mimi niliachilia. Ndimi msimamizi wa kundi la maswali la watu wa Gesima, wale walio nyumbani na sisi tuliotawanyika Nairobi, Nakuru na kwingineko. Kazi haina malipo, unajua vile kazi za vijana huwa. Watu huuliza mambo ya majani chai, ya karo, ya vitambulisho. Na kwa sababu wazee wengi kule wana kabambe tu, maswali ya shamba huwa nawatumia kwa SMS, kisha nabandika majibu yao kwenye kundi. Kwa hivyo hilo "Kata" nililibandika mimi mwenyewe. Likapigwa dole gumba mara kumi na mbili.

Kuna mnyauko wa bakteria wa migomba, ambao ulifika magharibi mwa Kenya mwaka 2006. Ukiwa ndio huo, kukata ndiyo tiba, na kukata huko huko ndiyo njia ya kuusambaza. Panga likigusa mgomba mgonjwa hubeba bakteria hadi kwa mzima, kwa hivyo ni lazima ulipitishe motoni au ulioshe kwa jik kabla ya kuhamia shina lingine. Lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, unalivunja kwa kijiti chenye panda, hulikati kwa panga, kwa kuwa wadudu wanaolitembelea nao hueneza ugonjwa. Na kabla ya hayo yote, mtu angemuuliza mwenye shamba: ukikata shina, unaona ute wa manjano ukitoka? Ndizi zinaiva kabla ya wakati wake na ndani zimekuwa kahawia? Maana kama ndizi zenyewe ni nzima na ni majani ya zamani yaliyoanza kugeuka rangi, huenda ni ugonjwa wa Panama, na huo hukaa kwenye udongo.

Jamaa alikata. Kwa panga moja, kutoka mgomba hadi mgomba. Kufikia wakati tuligundua, alikuwa amepita tisa, na baadaye sita kati ya hiyo ikakauka.

Nilikasirika, nikafanya kosa la pili. Nikaweka sheria: jibu lisilofika herufi 30 linafutwa. Sikuibuni, Stack Overflow, ule mtandao wa maswali ya watengenezaji programu ulioanza 2008, una kiwango hicho hicho. Unajua kilichotokea? Watu wakaanza kujaza. "Habari zenu wapendwa, natumai mko salama, kata." Herufi ziko, maana iko pale pale. Na siku mvua iliponyesha vibaya, mtu akauliza kama matatu za Keroka zinapita barabara ya juu. Jibu likawa "Hapana, imekwama." Nikalifuta. Jibu kamili kabisa, na mtu akatembea na mtoto mgongoni hadi stejini bure.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wenye simu kubwa hatulioni. Mzee anayeandika kwa kabambe anabonyeza kitufe kimoja mara tatu ili apate herufi moja, na SMS yenyewe ina nafasi ya herufi 160. Wefarm, huduma iliyowaunganisha wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania waulizane na kujibizana kwa SMS, ilijengwa juu ya ufupi huo. Ukifuta kwa kuhesabu herufi, unawatoa wazee wenye ujuzi na kubaki na sisi wenye bando na mdomo.

Na urefu hauponyi kitu. Desemba 2022 hao hao Stack Overflow walipiga marufuku majibu ya ChatGPT, kwa sababu yalikuwa yakimiminika, marefu na yenye sura nzuri, na mengi yalikuwa na makosa.

Lakini usidhani natetea ufupi. Mimi mwenyewe niko nje ya chuo kwa sehemu kwa ajili ya jibu fupi. Nilikuwa mwaka wa pili, karo imenilemea, nikauliza wenzangu mtandaoni kama naweza kuahirisha muhula. Mmoja akajibu, "Eeh, unaweza." Nikaenda nyumbani. Hakuna aliyeniambia kuna fomu ya kujaza, na kwamba ina siku ya mwisho. Niliporudi, jina halikuwepo. Aliyejibu hakunidanganya. Karo ndiyo iliyoanza, sawa, lakini ile fomu ningeijaza.

Kwa hivyo siku hizi sihesabu herufi. Nikiona jibu fupi najiuliza kama mtu anaweza kulifuata peke yake, bila kuumia. "Hapana, imekwama" linapita. "Google tu" naliondoa. "Njoo inboksi" naliondoa haraka zaidi, kwa sababu mwingine mwenye shida hiyo hiyo hapati kitu, na matapeli wanapenda sana huko ndani. Majibu kama "Kata" siyafuti. Naandika chini yake: hili halijakamilika, usifuate bado. Kisha nampigia aliyelitoa.

Nilimpigia hata yule mzee. Nikamuuliza, "Baba, kata nini? Na panga je?" Akaongea robo saa bila kupumua, moto, kijiti, kila kitu. Nikamuuliza mbona hakuandika hivyo. Akasema alidhani kila mtu Gesima anajua panga huchomwa kwanza. Maelezo yake sasa yako juu kabisa ya kundi, na jibu lake la kwanza nimeliacha chini yake.

Simu hizo hunilia saa nzima kila jioni, na kredi ni yangu. Kama una watu Gesima na Ekegusii chako bado kinatosha kumhoji mzee, kundi linahitaji msimamizi wa pili.