Kiondo Huanzia Kwenye Jani, si Dukani

Usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya watu wa pwani yatufaa sisi wa bara tunapotazama viondo ambavyo wanafunzi wa Thika na Ruiru hupeleka shuleni kila wapewapo kazi ya kusuka. Aghalabu kazi hiyo humalizika jioni moja. Mzazi huingia dukani akanunua nyuzi za nailoni zilizokwisha kutiwa rangi, na penye uhaba wa wakati hununua sokoni kiondo kizima. Mwalimu hutoa alama, na mambo yakaishia hapo.

Hapana budi tuulize: ni nani aliyefunzwa, na amefunzwa nini?

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, wamtaka mtoto ajifunze kwa kutenda. Katika ususi, sehemu kubwa ya kutenda hutangulia kusuka kwenyewe. Jani la mkonge lililokomaa hukatwa, na miiba yake ikaondolewa. Hupasuliwa vipande vyembamba, kisha kila kipande hulazwa juu ya ubao, kikabanwa kwa kisu butu na kuvutwa hadi nyama ya kijani itoke na nyuzi nyeupe zibaki. Kazi hii haingoji kesho, kwani jani likinyauka nyama hushikamana na nyuzi. Nyuzi huoshwa, huanikwa, kisha husokotwa juu ya paja, mbili zikawa moja. Atakaye rangi huchemsha mizizi au magome. Ndipo kitako cha kiondo kinapoanzwa.

Katika kilo 100 za majani mabichi hupatikana takriban kilo 4 tu za nyuzi kavu. Mwanafunzi aliyezipima mwenyewe amejifunza hesabu, sayansi na thamani ya jasho kwa siku moja.

Wapo watakaosema kwamba mkonge nao ni mgeni. Ni kweli. Asili yake ni Meksiko, na uliingizwa Tanganyika mwaka 1893 kabla ya kuenea Kenya. Kabla ya hapo, kina cucu walitoa nyuzi katika gome la kichaka kiitwacho mũgiyo, na Wakamba katika gome la mbuyu. Mkonge ulipowafikia, waliupokea kwa sababu mikono yao ilikwisha kujua namna ya kuutoa uzi katika mmea. Basi kwa nini nasi tusiipokee nailoni? Kwa sababu nailoni huja ikiwa tayari, na mkono haupati la kujifunza kwayo.

Walimu nao wana hoja yao. Vipindi ni vichache, madarasa yamejaa, na mashamba mengi yaliyouzunguka mji wa Ruiru yamegeuka ploti na majumba. Siwalaumu. Hata hivyo, mkonge hustahimili ukame na hautaki ardhi kubwa. Mstari mmoja kando ya ua wa shule watosha. Huchukua miaka miwili au mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, hivyo mtoto aupandaye akiwa Gredi ya Nne ataweza kuuvuna kabla ya kwenda sekondari ya msingi. Utomvu wake huwasha na miiba yake hudunga, kwa hiyo kukata na kukwangua kusimamiwe na mtu mzima, huku watoto wakiosha, wakianika na kusokota.

Mtu mzima huyo si lazima awe mwalimu. Wako kina cucu vijijini, wasio na cheti chochote, wajuao kwa kugusa tu kama uzi umeiva. Shule ziwaalike, ziwape kiti na chai, na ziwalipe kama zinavyowalipa mafundi wengine. Kila mwaka tunawazika baadhi yao pamoja na ujuzi wao.

Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, tumeimba sana sifa za kiondo. Sifa hizo hazitamfaa mtoto asiyejua kinakotoka. Kazi ijayo ya kusuka na ianzie kwenye jani, hata kama darasa zima litamaliza muhula na kiondo kimoja tu.