Saundikadi nzima, kompyuta mpya haiitambui: tatizo liko wapi?

Kompyuta mpya imefika. Inawaka haraka na ina nafasi kubwa ya kuhifadhi. Lakini saundikadi, ile mashine inayopokea sauti kutoka kwenye maikrofoni na kuipeleka kwenye kompyuta, haionekani popote. Taa yake inawaka, kebo haina kasoro, na wiki iliyopita tu ilirekodi kwaya nzima bila shida. Fundi anaitazama na kusema imepitwa na wakati, inunuliwe nyingine.

Hali hii inawahusu wenye studio ndogo, kwaya zinazojirekodia zenyewe na redio za jamii. Mwaka 2025 mambo mawili yaliifanya iwe nzito zaidi. Mwezi Septemba, kampuni ya Apple ilitoa macOS Tahoe, mfumo endeshi mpya wa kompyuta zake, ukiwa umeondolewa uwezo wa kutumia vifaa vya FireWire. Tarehe 14 Oktoba, Microsoft ikasitisha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, huku kompyuta nyingi za zamani zikiwa hazitimizi masharti ya kuwekewa Windows 11.

Kwa hiyo wengi wanasukumwa kununua kompyuta mpya. Na wakishainunua, wanagundua kwamba vifaa walivyokuwa navyo havisikilizani nayo.

Kwa nini mashine nzima inakataliwa?

Ili saundikadi ifanye kazi, vitu vitatu lazima vikubaliane. Cha kwanza ni tundu: kebo ipate mahali pa kuingia. Cha pili ni lugha inayopita ndani ya kebo hiyo. Cha tatu ni draiva, yaani programu ndogo inayoifundisha kompyuta jinsi ya kuzungumza na kifaa husika. Kimoja kikikosekana, mashine inakuwa bubu hata kama haijaharibika.

FireWire ni mfano mzuri. Ilianza kuonekana kwenye kompyuta za Apple mwaka 1999. Wakati huo USB ilikuwa ya polepole, ikipitisha megabiti 12 kwa sekunde, wakati FireWire ilipitisha 400. Kwa mtu anayetaka kurekodi ngoma, magitaa na waimbaji kwa pamoja, kila maikrofoni kwenye njia yake, tofauti hiyo ilikuwa kubwa. Mwaka 2001 kampuni ya MOTU ilitoa saundikadi ya 828 inayotumia FireWire, na kampuni nyingine zikafuata. Kwa zaidi ya miaka kumi studio nyingi zilitumia mashine za aina hiyo.

Baadaye USB ikaongezeka kasi, ikawa rahisi na ikaenea kila mahali. Watengenezaji wa kompyuta wakaacha kuweka tundu la FireWire. Tundu likatoweka kwanza, na sasa kwa Apple hata lugha yenyewe imeondolewa.

Wenye saundikadi za USB nao hawajasalimika wote. Tundu lipo, lakini draiva inaweza kukosekana. Windows 11 inatumia mfumo wa biti 64 peke yake, hivyo draiva iliyoandikwa kwa ajili ya mifumo ya zamani ya biti 32 haiwezi kufanya kazi humo. Kama kampuni iliyotengeneza saundikadi haikuandika draiva mpya, au ilishafunga milango, hakuna wa kuiandika kwa niaba yake.

Nani mwenye makosa?

Kampuni zina hoja zao. Kuandika na kujaribu draiva kwa kila mfumo mpya ni gharama, na mteja aliyenunua kifaa miaka 15 iliyopita haleti fedha mpya. Upo pia upande wa usalama. FireWire iliruhusu kifaa kugusa moja kwa moja kumbukumbu ya kompyuta, na wataalamu walishaonyesha kwamba mtu mwenye nia mbaya anaweza kuutumia mlango huo kuiba taarifa.

Lakini hoja hizo hazimalizi jambo. Saundikadi si kama simu ambayo kioo hupasuka na betri huchoka. Ndani yake hakuna vitu vingi vinavyokwisha haraka, na maikrofoni inayoingia humo leo ni ileile ya miaka 20 iliyopita. Kinachoimaliza mara nyingi ni uamuzi unaofanyika ofisini, mbali na mtumiaji.

Linux, mfumo endeshi usiolipiwa, unaonyesha kwamba njia nyingine inawezekana. Ndani yake zimo draiva za saundikadi nyingi za FireWire, na wanaozitunza wametangaza kuendelea na kazi hiyo hadi mwaka 2029. Hata huko kuna mwisho, lakini umetangazwa mapema, na mwenye kifaa ana muda wa kujipanga.

Sheria nazo zinakwenda taratibu. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya haki ya kutengenezewa vifaa, ikitaja mashine za kufulia, majokofu, simu na vingine kadhaa. Saundikadi hazimo kwenye orodha hiyo. Maana yake ni kwamba kwa sasa mtumiaji wa Ulaya na wa Afrika Mashariki wako katika hali moja: kinga yao ni kuuliza maswali kabla ya kulipa.

Ufanye nini kabla ya kununua nyingine?

Anza kwa kutazama tundu la nyuma na kusoma jina kamili la kifaa chako, pamoja na namba ya toleo. Kisha ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa simu, uangalie draiva ya mwisho iliandikwa kwa mfumo upi. Kama mfumo wa kompyuta unayotaka kununua haumo, usilipe kwanza.

Kama ni saundikadi ya USB, uliza kama inaweza kufanya kazi bila draiva ya kampuni. Zipo zinazofuata kanuni ya pamoja ya sauti ya USB, ambazo kompyuta huzitambua zenyewe. Windows iliwekewa draiva yake ya kanuni hiyo ya kizazi cha pili mwaka 2017. Saundikadi za aina hii zinaweza kufanya kazi hata na simu nyingi za Android kupitia kebo ya OTG, ingawa mara nyingi zitahitaji umeme wa pembeni, kwa kuwa simu haitoi umeme wa kutosha.

Kama ni ya FireWire, kuwa makini na adapta za bei ndogo. Adapta inayobadilisha umbo la kichwa cha kebo tu, FireWire upande mmoja na USB upande mwingine, haitafsiri lugha. Zaidi ya hapo ni hatari: kebo ya FireWire inaweza kubeba umeme wa hadi volti 30, wakati tundu la kawaida la USB ni la volti 5. Unaweza kuunguza vyote viwili.

Njia inayofanya kazi kwenye kompyuta za Apple ni kupitia tundu la Thunderbolt na adapta zake maalumu, mradi kompyuta haijawekewa Tahoe. Angalia hapa pia: tundu la Thunderbolt la siku hizi linafanana kabisa na la USB-C, lakini si kila USB-C ni Thunderbolt. Kwa kompyuta ya mezani, fundi anaweza kuchomeka ndani yake kadi ya FireWire. Kadi hiyo inaleta tundu, haileti draiva, kwa hiyo swali la draiva linabaki palepale.

Ikishindikana kabisa, bado saundikadi hiyo si takataka. Nyingi zinaweza kuwaka bila kompyuta na kutumika kukuza sauti ya maikrofoni, kisha sauti ikapelekwa kwenye saundikadi mpya ndogo. Zile zenye tundu la kebo ya mwanga la ADAT zinaweza kupitisha njia nane za sauti kwa mara moja, iwapo mashine mpya nayo ina tundu hilo.

Na njia ya bei nafuu kuliko zote ni kutoitupa kompyuta ya zamani. Kumalizika kwa msaada wa Windows 10 hakumaanishi kwamba kompyuta inazimika. Maana yake ni kwamba haipati tena marekebisho ya usalama ya kawaida. Iondoe kwenye intaneti, iache ifanye kazi moja ya kurekodi, kisha hamishia mafaili kwenye kompyuta mpya kwa diski ya nje. Hifadhi pia nakala ya draiva inayofanya kazi leo, kwa sababu kesho huenda isipatikane tovutini.

Mzigo unabaki kwa nani?

Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kila mashine nzima inayotupwa kwa kukosa draiva inaongeza rundo hilo.

Kwa kwaya ya kijijini iliyochanga miaka miwili ili kununua saundikadi, hesabu ni ya karibu zaidi. Fedha za mashine ya pili zingeweza kulipia maikrofoni, usafiri au rekodi za wimbo mpya. Ndiyo maana swali la kuuliza dukani si "kompyuta hii ina kasi gani?" peke yake. Beba saundikadi yako mkononi, omba ichomekwe mbele yako, imba hata mstari mmoja, na usikie ulichorekodi kabla ya kutoa fedha.