Panga la boti lichaguliwe kwa mzigo, si kwa mbio

Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilipozinduliwa Mei 2018, liliondoa adha ya miaka mingi ya kuvuka Mto Kilombero kati ya Ifakara na Ulanga. Wananchi wa pande zote mbili hawajasahau Januari 2016, kivuko cha MV Kilombero II kilipozama. Leo lori la mpunga linapita juu ya maji bila kupanga foleni.

Hata hivyo, daraja ni moja na bonde ni pana. Masika yakijaza mbuga, yapo mashamba na kambi za wavuvi zisizofikika kwa gari. Huko mtumbwi na boti ndiyo barabara, na mwenye uwezo hufikiria kununua injini. Swali la kwanza dukani huwa ni injini ya nguvu za farasi ngapi. Swali la pili, ambalo wengi hawaliulizi, ni panga gani litafungwa nyuma yake. Kwa maoni yetu, hili la pili ndilo linaloamua faida.

Panga, au rafadha kama vitabu vinavyoiita, kwa kawaida huandikwa namba mbili. Ya kwanza ni upana wa duara lake kwa inchi. Ya pili ni umbali ambao panga lingesonga mbele katika mzunguko mmoja, kama skrubu inavyoingia kwenye mbao. Namba 10 maana yake ni inchi 10, karibu sentimita 25. Namba hii ikiwa kubwa, boti nyepesi hukimbia zaidi. Ikiwa ndogo, boti hupata nguvu ya kusukuma mzigo. Ni sawa na gia za gari: hakuna dereva anayepanda mlima na magunia kwa gia ya nne.

Panga linalouzwa pamoja na injini mara nyingi ni la matumizi ya wastani. Mfanyabiashara anayesomba mpunga akilitumia bila kupima, injini inaweza kuzidiwa. Itanguruma bila kufikia mizunguko yake, itakunywa petroli, itapata joto na kuchakaa mapema. Wakati wa mafuriko hasara haiishii mfukoni, kwa kuwa boti inayoshindwa na mkondo katika mto wenye viboko na mamba inahatarisha maisha ya abiria.

Kipimo chake si kigumu. Pakia mzigo wako wa kawaida, nenda penye kina cha kutosha na pasipo na watu, kisha fungua mafuta hadi mwisho. Soma mizunguko kwa kipima mizunguko. Vipo vidogo vinavyofungwa kwenye waya wa plagi. Linganisha na kitabu cha injini. Mizunguko ikiwa chini ya inayotakiwa, chukua panga lenye namba ya pili ndogo zaidi. Ikizidi, chukua kubwa zaidi. Inchi moja hubadili takriban mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika.

Kuhusu malighafi, kwa mto wetu wenye mchanga na visiki tunashauri alumini. Chuma kisichoshika kutu ni imara, lakini kikigonga kisiki kishindo huweza kufika kwenye giaboksi, ambayo ni ghali kuliko panga. Alumini hupinda au kukatika yenyewe, na fundi huweza kuitengeneza. Beba panga la akiba, pini zake na spana. Kila mara ondoa nyasi na nyuzi za nyavu kwenye ekseli, kwani uzi ukikata sili, maji huingia kwenye oili ya gia.

Tupige hesabu. Tuchukulie boti inayopoteza lita 2 tu kila safari kwa sababu ya panga lisilofaa. Kwa safari 20 kwa mwezi ni lita 40. Kwa miezi sita ni lita 240. Zidisha kwa bei ya petroli ya Ifakara, kisha linganisha na bei ya panga jipya.

Wito wetu kwa wauza injini ni kwamba wamuulize mteja anabeba nini kabla ya kupokea fedha yake, na waweke dukani mapanga ya namba mbalimbali. Vikundi vya wakulima na wavuvi vinaweza kuchanga na kununua kipima mizunguko kimoja na mapanga mawili matatu ya kujaribia. Na kila mwenye boti aandike lita, mzigo na safari zake. Wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari.