Kitabu cha Kabatini

Jamani, tuseme ukweli. Mwaka 1908, mji wetu ukiitwa Usumbura na Wajerumani wakiutawala, kampuni ya Insel kule Leipzig ilichapa Zarathustra ya Nietzsche: nakala 530 tu, zikapambwa na Mbelgiji Henry van de Velde. Leo mwenye nayo anaifungia kabatini, hata kuisoma anaogopa, eti itashuka bei. Na jina la pili la kitabu hicho linasema ni cha kila mtu na si cha mtu yeyote! Matajiri wameshika nusu ya pili tu.

Nietzsche mwenyewe mwaka 1885 alilipia sehemu ya nne kwa pesa zake, nakala kama 40, maana hakupata mchapishaji. Uchache ule ulikuwa shida, sio fahari.

Mimi ni mtoto wa Kamenge. Kwetu kitabu kizuri ni kile kilichochakaa, jalada limetoka, kimepita mikono ya mtaa mzima.

Nanyi wahudumu wa mashirika, mkisema mkimbizi apewe unga kwanza, falsafa baadaye, mnafunga kabati lile lile. Unga tunautaka, sawa. Lakini mtu aishi vipi pale yote aliyoyaamini yameanguka? Swali hilo nani analijua kuliko sisi tuliokimbia?

Basi leteni nakala za bei rahisi, za Kifaransa, na za Kiswahili zikitafsiriwa. Msihesabu zimebaki safi ngapi. Hesabuni zilizochanika.