Jasho la Mzee Majuto

Tangu Amri Athumani, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la King Majuto na wengi wetu tukamwita Mzee Majuto kwa heshima ya mvi zake, alipofariki dunia tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, akiwa na umri wa miaka sabini, taazia zilizoandikwa juu yake zimekuwa nyingi, na baadhi yake ni nzuri sana. Lakini aghalabu zimemsifu kama mtu aliyejaaliwa kuchekesha tangu tumboni mwa mamaye, kana kwamba alikuwa akiamka tu asubuhi na kicheko kikamtoka bila ya taabu. Mimi nina rai nyingine. Marehemu alikuwa mfanyakazi wa sulubu, na baba mwenye nyumba na vinywa vya kulisha, na mtu anayetaka kumkumbuka kwa insafu hana budi aanze na kazi yake, kisha ndipo acheke.

Alizaliwa mwaka 1948 katika Tanga iliyokuwa ikiishi kwa mkonge, na mkonge ulikuwa ukiwaleta manamba kutoka pande zote za Tanganyika na hata ng'ambo ya mipaka yake, wakaja wakachanganyika na Wadigo, Wasegeju, Wabondei na Wasambaa katika masoko, vilabu na viwanja vya ngoma. Mchekeshaji aliyekulia katika mji wa namna hiyo hawezi kutegemea mafumbo ya kabila moja, kwa sababu nusu ya wasikilizaji wake watabaki wakimtazama tu. Ni lazima achekeshe kwa uso, kwa mwendo, kwa namna ya kukaa kitini na kuinuka, ili Mnyamwezi na Mmakonde wacheke kwa pamoja na mwenyeji wa Ngamiani, mtaa wa mji huo huo. Yasemekana alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1958, naye ni mtoto wa miaka tisa, katika mji ambao baadaye ungesikika Afrika Mashariki nzima kwa taarabu ya Black Star na Lucky Star na kwa magitaa ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Watazamaji wa mji wa namna hiyo hawakuwa watu wa kuridhishwa kwa urahisi.

Hesabu basi: tangu mwaka ule hadi maradhi yalipomlaza, ni takriban miongo sita ya kazi ile ile. Wako makarani na mabaharia wengi waliostaafu mapema kuliko hivyo.

Nimemtazama mara nyingi, na kinachonistaajabisha ni ufundi wa kungoja. Mchekeshaji mchanga hulikimbilia neno la kuchekesha kwa hofu ya kwamba watu watachoka. Majuto alijua kunyamaza. Aliambiwa jambo na mkewe wa mchezoni au na kijana mwenye mdomo, akatulia, akatoa macho, akalizungusha lile jambo kichwani kama mtu anayetafuta mfupa katika samaki, na kabla hajafungua kinywa sisi tulikwisha kuanguka kwa kicheko. Aghalabu alicheza baba bahili, mzee mkaidi, mwenye nyumba anayedai heshima asiyoistahili, na hakuchelea kujifanya duni ili wengine waonekane. Katika michezo aliyoigiza pamoja na Hussein Mkiety, mchekeshaji aliyejulikana kwa jina la Sharo Milionea, marehemu alikubali kuwa ukuta ambao kijana mwenye madaha alijigonga, na kila mmoja akamng'arisha mwenziwe. Kijana huyo alipofariki kwa ajali ya gari huko Muheza mwezi wa Novemba 2012, mzee aliendelea kufanya kazi, umri wake ukiwa umepita miaka sitini, kwa sababu jiko la nyumbani halijui matanga yamekwisha lini.

Wahenga walinena kwamba kazi mbi si mchezo mwema, na bila ya shaka walikuwa na sababu zao. Walakini huyu bwana aliufanya mchezo kuwa kazi, akala na kuvaa kwa mchezo huo, na msemo ule sijui ungemweka upande gani.

Ajabu ni kwamba wazee wale wale waliotuachia methali hiyo walijua vema kuwa kicheko kina ujira. Katika jimbo la Tanga, na katika sehemu nyingi za nchi, msiba haukukamilika pasipo watani. Mtani alikuja matangani wakati wenye kufiwa wamelowa machozi, akavaa nguo ya marehemu, akaiga mwendo wake na kikohozi chake, akadai kwamba marehemu alimkopa kuku na hakumlipa. Akazuia jembe la wachimba kaburi, au hata akajitosa kaburini, akaapa hatoki mpaka atiwe kitu mkononi. Na akatiwa. Hapana aliyemwambia, bwana wewe, hiki ni kipaji chako tu, tuchekeshe na uende zako. Jamaa walitoa shilingi mbili tatu, watani wakapata haki yao, mjane akacheka huku akilia, na mazishi yakaendelea. Ilikuwa ni biashara ya halali, ya papo kwa papo, mbele ya mashahidi.

Sisi wa zama za kamera tumeshindwa na adabu hiyo. Biashara ya filamu za vichekesho nchini, tangu siku za kanda hadi siku za sahani za plastiki, ilisimama juu ya desturi ya kumlipa mwigizaji mara moja tu: anapokea fungu lake, anatia saini, na mali inakwenda Kariakoo kwa msambazaji, ikanakiliwa kwa halali na kwa haramu, ikaonyeshwa katika mabasi na vibanda vya video, naye hapati tena hata thumni. Matangazo ya biashara nayo yaliutumia uso wake kuuza kila namna ya bidhaa. Mwaka 2018, alipokuwa mgonjwa na baadaye akapelekwa India kwa matibabu, habari zilienea kwamba kampuni kadhaa hazikuwa zimemtimizia stahiki zake, na Waziri wa Habari wa wakati ule, Dk. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, inayowataja waziwazi waigizaji na wasanii wa maonyesho, ilikuwapo tangu mwaka 1999. Yaani mzee alikuwa na sheria upande wake kwa karibu miaka ishirini, seuze na mashabiki, na bado ilibidi augue ndipo karatasi zake zisomwe na mtu anayezielewa.

Wako watakaosema kwamba umma ulimlipa kwa upendo, na kwamba wakati wa ugonjwa wake watu walichanga na viongozi wakamtembelea. Sikatai, na waliochanga Mungu awalipe. Lakini mtu aliyefanya kazi tangu utotoni hastahili kuuona uzee wake ukitegemea huruma, hata huruma hiyo ingekuwa kubwa namna gani. Anachokula fundi seremala uzeeni ni kile alicholipwa kwa milango aliyoitengeneza, wala hapana anayekiita bahati. Na Majuto alikuwa baba. Kila shilingi iliyobaki mkononi mwa tajiri wa tangazo ilitoka katika sahani ya mtoto wa mtu fulani, tena mtu mwenyewe yuko katika picha anatabasamu.

Alizikwa Kiruku, nje ya mji wa Tanga. Michezo yake ingali ikitazamwa, na siku hizi vipande vyake vinarushwa kutoka simu moja hadi nyingine na vijana waliokuwa hawajazaliwa alipokuwa tayari mzee wa kazi. Vijana hao, wengine wao wachekeshaji pia, wanaitwa katika ofisi zenye viyoyozi na kupewa mikataba ya kurasa kumi na mbili kwa lugha ya Kiingereza, na kalamu juu yake. Ningetamani marehemu angaliucheza mchezo huo mwenyewe: mzee anaushika mkataba juu chini, anausoma kwa sauti ya khatibu wa Ijumaa, anageuza ukurasa, anatulia, anatoa macho, kisha anauliza chai itakuja saa ngapi. Hadi mtu mwingine atakapoucheza, ombi langu kwa wenye kampuni ni dogo: mkataba uandikwe kwa Kiswahili, utaje tarehe ambayo tangazo litakoma kuonyeshwa, utaje fungu la msanii kila linaporudiwa, na katika kifungu cha mwisho, kabla ya nafasi ya saini, yaandikwe majina ya warithi.