Imbwa ya kambi ni ya nani?

Ndugu wachimbaji, usiku ku machimbo sisi wote tunafurahia imbwa inayobweka, kwani inalinda mali yetu. Lakini siku inamuluma mutoto, haina tena mwenyewe.

Kichaa cha imbwa, dalili zikisha kuonekana, hakina dawa: mugonjwa anaogopa maji, kisha anakufa. Chanjo inaokoa aliyelumwa kama anaipata mapema, na inarudiwa mara kadhaa. Kwa mutu wa kambini, kila mara ni safari, ni franka. Kuchanja imbwa yenyewe ni bei ndogo zaidi. Wataalamu wanasema imbwa 70 kwa 100 zikichanjwa, ugonjwa unakatika. Wenzetu wa Tanzania walichanja imbwa za kisiwa cha Pemba, na kichaa kikaisha kule.

Basi PDG wa shimo anayelindiwa mali na imbwa, alipe chanjo yake. Na sisi wazazi, mutoto akilumwa, hata akikwaruzwa tu, tuoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, tumupeleke kwa munganga siku ile ile. Tusingoje kuona kama imbwa itakufa.